Umefuta jina langu, umeuza pateni yangu ya soksi, na kisigino umekiharibu

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo kifuani siku kumi, leo limenishinda.

Nipo Mtwara mjini, nafuma vitu vya watoto wachanga. Mwaka juzi mdogo wangu alijifungua Newala, mwezi wa saba. Anayeijua Newala anaijua baridi ya kule juu alfajiri. Soksi za dukani ama raba ilimwachia mtoto alama nyekundu mguuni, ama zilimvuka kabla hujamfunika. Nikasema nitatengeneza ya kwangu. Nilifuma nikafumua mara sita. Nakshi ya shingoni niliitoa kwenye ukili wa mkeka wa bibi yetu: niliutandika sakafuni nikawa nahesabu, vitanzi viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, unasogeza kimoja kila baada ya mizunguko miwili mpaka mchoro upande na kushuka kama ulivyo kwenye mkeka.

Ilipokaa sawa nikaandika hatua zote kwenye daftari, ndiyo pateni yenyewe, nikapiga picha soksi zikiwa miguuni mwa yule mtoto, juu ya kanga yangu, nikagawa bure kwenye makundi ya wafumaji. Mwishoni niliandika wazi: fumeni, uzeni soksi zenu, ila jina langu libaki na maelezo haya yasiuzwe.

Sasa wiki iliyopita kanipigia mama mmoja wa Masasi, kakasirika kwelikweli. "Mwanangu, hii soksi yako mbona ina matundu?" Namuuliza soksi ipi, ananiambia kanunua karatasi ya hiyo pateni kwa 5,000, na mwenzake aliyeiona ndiye aliyemwelekeza kwangu. Akanitumia picha. Miguu ni ya mtoto wetu. Kanga ni yangu. Kona iliyokuwa na jina langu imekatwa.

Na huyo muuzaji hakuishia hapo. Kabadilisha idadi ya vitanzi, nadhani ili isionekane ni pateni ileile. Wafumaji mtanielewa. Soksi inaanza na vitanzi 32, vinane kila sindano. Kisigino unakifuma kwa vitanzi 16, mistari 16, na kila mstari kitanzi cha kwanza unakihamisha tu bila kukifuma, ndipo pembeni panabaki vitanzi 8 vya kuokota, yaani kuvipandisha kwenye sindano, kila upande. Ukishakunja kisigino vinabaki 10. Kumi, na nane, na nane, na 16 vya juu ya mguu: 42. Unapunguza viwili mara tano, unarudi 32.

Yeye kaandika okota 6. Unapata 38, na pale kwenye kifundo panabaki tundu huku na huku, kidole kinapita. Halafu kwa kutojua anachokifanya kaacha "punguza mara tano" kama nilivyoandika mimi, kwa hiyo mguu unaishia na vitanzi 28. Yule mama kanionyesha: soksi inabana katikati ya unyayo, haipandi. Kamaliza uzi, kakesha siku tatu kwa ajili ya mjukuu, na lawama kaleta kwangu.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu kabisa. Kanijibu kwamba mambo ya kufuma hayana mwenyewe.

Dada yangu muuzaji, najua unasoma hapa. Kufuma soksi hakuna mwenyewe, kweli. Kisigino cha namna hii watu wamekifuma kabla sijazaliwa, na sijawahi kusema nimekibuni mimi. Lakini maneno yale niliyaandika mimi, na picha nilipiga mimi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapobuniwa, hata kama hukuiandikisha popote. Na ile miguu ni ya mtoto, ambaye mama yake hakukupa ruhusa ya kumtembeza kwenye karatasi za kuuza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hela.

Nataka mambo matatu: uache kuuza, uitoe picha ya mtoto kila ulipoiweka, na uwarudishie kina mama 5,000 zao. Sitaki uniombe radhi faraghani. Waombe wao.

Na nyie mliouziwa: futeni 6, andikeni 8. Kama mlishafika unyayoni, fumueni mpaka mwisho wa kisigino tu, juu pako salama. Nakala sahihi nitamtumia bure yeyote atakayeniandikia, na yule mama wa Masasi nimeshamfumia jozi yake, inaondoka na basi la kesho asubuhi.