Mpunga na vitunguu kwenye eka moja: naombeni ushauri

Habari zenu wakulima. Nina eka moja tu hapa Morogoro, inapata maji ya mfereji kwa zamu, mara mbili kwa wiki. Juu, karibu na mfereji, udongo ni mfinyanzi, nimeweka majaruba ya mpunga. Chini ni kichanga, nimepanda vitunguu maji kwenye matuta.

Shida ni kwamba maji ya majaruba yanavuja chini kwa chini hadi kwenye vitunguu. Msimu uliopita mstari wa kwanza wote ulioza shingo, na ndio uliokuwa na vitunguu vikubwa! Kitunguu kinataka kukatiwa maji kama wiki mbili kabla ya kuvuna, na wakati huohuo mpunga wangu unachanua, hautaki kiu hata kidogo.

Nimefikiria kuchimba mtaro katikati, ila sijui uende chini kiasi gani. Jirani ananishauri kilimo shadidi, niwe naloanisha na kukausha badala ya kutuamisha maji. Naogopa magugu yataota maji yasipotuama, maana palizi nafanya mwenyewe na mke wangu.

Aliyewahi kuchanganya hivi alifanyaje? Au nibadilishe tarehe za kupanda?