Naomba ushauri: tuagize gari la familia sasa, au nisubiri dola ishuke?

Mkazi wa Buswelu

Wanajukwaa wenzangu, salaam kutoka Mwanza.

Mimi ni mtumishi wa umma, mke wangu anafanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na tuna watoto watatu wanaosoma. Tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa lengo moja, yaani kuagiza gari kutoka Japani, na sasa fedha zinatosha. Gari tulilolichagua ni Toyota Sienta ya mwaka 2016, yenye injini ya cc 1500 na viti saba, kwa sababu mama yangu mzazi yuko Sengerema na tukienda kumwona huwa tunakwenda familia nzima. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari hiyo haitegemei tena foleni ya kivuko, kwa hiyo sababu ya kuwa na usafiri wetu wenyewe imezidi kuwa na uzito.

Kinachonizuia ni dola. Kila jioni ninafuatilia vipindi vya biashara kwenye televisheni, na siku hizi ninaielewa mienendo ya fedha kuliko zamani. Ninakumbuka jinsi dola ilivyovuka shilingi 2,700 mwaka 2024, ikashuka chini ya 2,500 kabla mwaka haujaisha, kisha mwaka uliofuata ikapanda tena kuelekea 2,700 na kushuka kwa mara nyingine. Ninafahamu kwamba Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 6 Aprili 2024 na kuishusha hadi 5.75 Julai 2025. Bei ya dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia na baadaye 4,000 ndani ya mwaka huo huo wa 2025, na sisi wa kanda hii, wenye migodi ya Geita jirani na kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa hapa Mwanza, tunajua kwamba habari hiyo si ya Wamarekani peke yao, maana dhahabu ikiuzwa ghali huingiza dola zaidi nchini. Wachambuzi wawili niliowasikia hivi karibuni walisema shilingi bado ina nafasi ya kuimarika. Nikijumlisha yote hayo, ninaona busara ni kusubiri hadi mwakani, ninunue dola kwa bei nafuu zaidi.

Mke wangu haoni hivyo. Anasema sababu za kusubiri zimekuwa zikibadilika kila msimu: mara meli kushambuliwa Bahari ya Shamu, mara ushuru mpya wa Marekani, mara bei ya mafuta ghafi, na kwamba habari ya dunia haitakuja kukaa kimya ili sisi tuagize gari. Ameongeza jambo jingine ambalo sitalificha: kwamba rimoti iko mikononi mwangu tangu saa kumi na mbili hadi baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, watoto wamekimbilia simu, na mazungumzo yetu ya jioni yamekuwa ya asilimia na mapipa ya mafuta. Hilo nimelisikia. Hata hivyo, swali langu kwenu ni la fedha: je, kusubiri ni sahihi au si sahihi?

Msukuma wa Kisesa

Agiza, mkuu. Wewe si benki. Mtu mwenye mshahara wa shilingi, anayenunua kitu kimoja kwa dola mara moja katika miaka mingi, hana haja ya kuwinda senti kama mfanyabiashara wa fedha za kigeni.

Mstaafu wa Nansio

Mimi ningekuambia subiri, lakini si kwa sababu ya dola. Ndugu yangu, umeeleza kwa kirefu bei ya kulipata gari, na hukuandika hata sentensi moja kuhusu bei ya kuwa nalo. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, maana yake unailipa kila unapoingia kituoni. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Kanda ya Ziwa bei yetu huwa juu kuliko ya Dar es Salaam, kwa sababu lita hiyo imesafirishwa nchi nzima kabla haijafika Mwanza. Weka bima, matairi, huduma ya injini na shoka-absoba, ambazo barabara za mawe za vilima vya Mwanza hazizionei huruma. Halafu uangalie kama mshahara wako unaweza kubeba hayo bila kugusa mtaji wa biashara ya mkeo. Mtaji wa dagaa ukianza kuingia kwenye tangi la mafuta, hakuna mchambuzi wa televisheni atakayewasaidia.

Kuhusu vipindi hivyo, nami huvitazama, maana mzee akistaafu hubaki na redio na televisheni. Nimegundua kwamba mtangazaji anapotaja bei ya pipa leo, anazungumzia mafuta ambayo hayajafika bandarini kwetu. Tunayonunua leo yaliagizwa kwa bei za wiki nyingi zilizopita. Kwa hiyo habari ni ya kweli, ila saa yake si saa yetu.

Wakala wa Forodha, Dar

Nimefanya kazi ya kutoa magari bandarini kwa muda mrefu, na ninaomba niongeze hesabu ambayo sijaiona hapa. Mtoa mada anatazama dola, lakini kwa gari alilolichagua kitu kinachokwenda kasi zaidi ni umri wake.

Kwa ufupi, kodi ya gari dogo lililotumika hupangwa hivi. Kwanza Mamlaka ya Mapato (TRA) hukadiria thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi Dar es Salaam, na hutumia kanzidata yake yenyewe, kwa hiyo risiti yako ya bei poa haibadilishi sana mambo. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25. Halafu unakuja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000 ni asilimia 5, na kando yake upo ule ambao wengi wetu tunauita uchakavu: gari lililopita miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Mwisho VAT ya asilimia 18 inawekwa juu ya jumla ya vyote hivyo. Tozo ndogondogo kama ile ya reli ninaziacha pembeni.

Sasa tuchukue mfano wa gari lililokadiriwa dola 4,000. Ushuru wa forodha ni dola 1,000, jumla 5,000. Ushuru wa bidhaa wa injini ni dola 250, na uchakavu wa asilimia 15 ni dola 750, jumla 6,000. VAT ni dola 1,080. Kodi yote ni dola 3,080, na gari limekufikia kwa dola 7,080. Gari hilo hilo likivuka miaka 10, uchakavu unakuwa dola 1,500 badala ya 750, VAT nayo inapanda hadi 1,215, na kodi yote inafika dola 3,965. Tofauti ni dola 885, na hakuna kilichoongezeka isipokuwa kalenda.

Linganisha na dola unayoisubiri. Tuseme inashuka kutoka shilingi 2,700 hadi 2,450, jambo ambalo ni kubwa na halitokei kila mwezi. Kwa dola 7,080 utaokoa takriban shilingi milioni 1.77. Lakini kama kusubiri huko kumelivusha gari miaka 10, zile dola 885, hata kwa bei hiyo mpya ya 2,450, ni takriban shilingi milioni 2.17. Umefurahia dola kushuka, na umelipa zaidi.

Ninaeleza hivi kwa sababu wateja wengi huja kwangu Februari wakiwa na gari waliloliona mtandaoni Oktoba, na wanashangaa kwa nini kodi si ile waliyoikokotoa. Umri unahesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa, si tangu mwaka lilipoanza kutembea Japani wala siku uliyolipia.

Mama Dagaa

Mimi nipo Mwaloni pia, na pengine mkeo ni jirani yangu wa kizimba, kwa hiyo nitasema kwa heshima. Kaka, umeuliza swali la fedha, na Wakala amekujibu vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini mbona mwenzako hujamuuliza anataka gari la kufanya nini? Umesema mama yako yuko Sengerema, umesema watoto, umesema daraja. Yeye anatoka nyumbani alfajiri kutafuta bodaboda ya kumfikisha sokoni, na safari yake hiyo ya kila siku haimo katika maelezo yako. Huenda ndiyo sababu haelewi kwa nini jambo hili linaamuliwa na watu walioko New York.

Ushauri wangu mwingine ni wa sokoni. Msikubali kupakia magunia ya dagaa ndani ya gari la familia hata siku moja, hata likiwa gunia moja tu na safari ni fupi. Ile harufu ikishaingia kwenye viti na zulia, haitoki. Mzigo mtafutieni kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, gharama yake iingie kwenye biashara, na gari libaki la watu.

Halafu jina kwenye kadi ya gari mliamue mapema, wakati bado mnacheka pamoja.

Mkazi wa Buswelu

Shikamoo Mstaafu, na ninawashukuru wote, hasa Wakala kwa kuweka tarakimu mezani. Niliziandika kwenye karatasi nikazipitia na mke wangu, televisheni ikiwa imezimwa kwa ombi lake. Kuhusu gharama za kuendesha, tumekubaliana kwamba mafuta na bima vitatoka kwenye mshahara wangu, na kwamba kizimba hakitachangia chochote. Kuhusu alfajiri, Mama Dagaa, jibu lake lilikuwa fupi: anataka kujifunza kuendesha yeye mwenyewe, kwa sababu saa anayotoka mimi huwa bado nimelala.

Hoja ya kusubiri mwakani, basi, imebaki bila miguu. Lakini bado sikubali kwamba kufuatilia habari za biashara hakuna faida. Nilichojifunza huko ndicho kimenifanya nielewe hesabu ya Wakala kwa kusoma mara moja, na kipo kipindi cha mwaka, kuanzia katikati hadi Desemba, ambapo shilingi huwa na nguvu zaidi kutokana na mazao, utalii na dhahabu. Ningependa tulipe ndani ya kipindi hicho.

Maswali yangu yaliyobaki ni mawili. Je, ni afadhali tuongeze fedha kidogo tuchukue la mwaka 2017? Na je, Sienta ya haiburidi, yaani ya petroli na betri ya umeme, ina maana yoyote kwa matumizi yetu, kwa kuwa ninasikia inakula mafuta kidogo?

Fundi wa Igoma

Nitajibu la pili. Haiburidi ni gari zuri na kwa mafuta haina mpinzani, lakini betri yake kubwa ina umri, na gari la miaka kumi limeshatumia sehemu kubwa ya umri huo. Hapa Mwanza mafundi wa umeme wa magari hayo si wengi kama wa injini za kawaida. Kwa familia inayonunua gari lake la kwanza ningeshauri ya petroli peke yake. Mtaitofautisha kwa kuangalia namba ya chesesi: inayoanza na NSP170 ni ya petroli, na NHP170 ni haiburidi. Picha za tangazo zisikudanganye, maana kwa nje yanafanana sana.

Jambo jingine ni kwamba Sienta ipo chini. Kwa lami ya kwenda Sengerema haina shida, lakini njia za ndani za Buswelu wakati wa mvua zitaligusa tumbo. Usikimbilie kuweka spesa ndefu za kulinyanyua gari, zinaharibu mwendo. Mfundishe dereva wako wa alfajiri njia yenye mawe machache, hata kama ni ya kuzunguka. Na milango ile ya kuteleza muwazuie watoto wasiivute kwa nguvu, kwani mota zake nimeshabadilisha nyingi.

Wakala wa Forodha, Dar

La 2017 litakupa mwaka mmoja wa ziada kabla ya kuingia kwenye asilimia 30, basi. Kama tofauti ya bei kule Japani ni ndogo, lichukue ili usifukuzane na Desemba. Kama tofauti ni kubwa, baki na la 2016, ila uhesabu kuanzia mwisho wa mwaka kurudi nyuma: meli inaweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi, na kabla yake kuna siku za kusubiri nafasi, tena nyaraka zikichelewa, gari linakaa bandarini kwa gharama yako. Anayeahidi kwamba gari lililolipiwa mwishoni mwa Novemba litakuwa limetoka kabla ya mwaka mpya anabahatisha.

Kabla ya kutuma fedha, ingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini katika kikokotoo cha magari kwenye tovuti ya TRA, uone kodi yake wewe mwenyewe. Kisha umwombe muuzaji akutumie picha ya bamba la chesesi na ya cheti cha usajili wa Japani, ulinganishe mwaka. Magari yenye utata wa mwaka ndiyo yanayogombanisha watu bandarini.