Bila digrii, kazi ya programu nitaipata? Nipo Wete

Mchumaji_Wete
Assalaamu alaykum wakubwa zangu. Nimemaliza Fomu Six, chuo kikuu hakikuwezekana. Baba hana nguvu tena na nyuma yangu wapo watatu skuli. Huu mwaka wa pili najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, usiku kwa laptopu ya mtumba.

Msimu huu wa karafuu nilimtengenezea shangazi programu ya kuandika wachumaji na pishi zao, aachane na daftari. Siku ya malipo Fatma Ali akapewa pesa kupita alizochuma, na Fatma Ali mwengine akaambiwa hana kitu. Kumbe wako wawili, mmoja wa Kangagani, mmoja wa Mtambwe, na programu yangu inamjua mtu kwa jina tu. Yule wa Mtambwe alilia mbele yangu, vidole vimeingia weusi wa karafuu. Tangu siku hiyo sina raha. Mtu kama mie aendelee, au aache mapema?

Dada_wa_Chake
Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Usiache. Mie sina digrii na huu mwaka wa sita naishi kwa kazi hii.

Kila mchumaji mpe namba yake isiyojirudia, jina libaki maelezo tu. Halafu marekebisho yote yaweke kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la kazi yako, kosa lionekane na namna ulivyolitoa. Aliyeniajiri mwanzo alikaa akasoma mistari yangu mmoja mmoja. Kwenye usaili akaniuliza kwa nini Python ukijumlisha 0.1 na 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Nilijua, kwa sababu hesabu za duka la kaka yangu zilikuwa zinapishana: kompyuta inahesabu kwa 0 na 1, na 0.1 kwa mtindo huo haiandikiki ikaisha, kama vile thuluthi isivyoisha kwa desimali. Kwa hiyo pesa ziandike kwa shilingi kamili, usiweke nukta.

Na bando lisikuue. Maelezo ya Python yanapakuliwa yote kwa mara moja, unasoma hata mtandao ukikatika. freeCodeCamp nayo, tovuti ya kufundisha kuandika programu, ni bure tangu ilipoanza 2014.

Baba_Mwanakwerekwe
Mwanangu, dada yako kasema kweli, lakini hajamaliza. Matangazo mengi ya kazi za serikali yanataka cheti, na barua isiyo na cheti inawekwa pembeni kabla mtu hajaifungua kazi yako. Nimeyaona kwa kijana wangu mwenyewe, ana mikono ya dhahabu. Kaulize Mafunzo ya Amali Vitongoji wana kozi gani. Cheti kidogo hakikupunguzii kitu, na wateja wa maduka unaendelea nao vilevile.

Dada_wa_Chake
Nakubali, baba. Mie wateja wangu ni watu binafsi tu, serikalini sikuwahi kuomba.

Mchumaji_Wete
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Namba nimeshaweka, nikapitia na daftari la zamani la shangazi mstari kwa mstari. Fatma wa Mtambwe anadai pishi kumi na moja. Shangazi kanipa pesa yake mkononi, kesho alfajiri nampelekea mwenyewe. Vitongoji nitakwenda Jumatatu.