Azimio moja, walimu wanne: tulishirikishane vipi Google Drive bila kufutiana kazi?

ChakiNaUbao
Habari za kazi walimu. Darasa la Tano lina mikondo minne, A hadi D, na Sayansi inafundishwa na walimu wanne. Azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha) na maandalio ya somo yako kwenye faili moja la Google Docs, na kiungo kiko kwenye kundi la WhatsApp. Yanayokwama ni haya: mmoja akijaza tarehe na idadi ya wanafunzi wa mkondo wake, anafuta za mwenzake. Jedwali linavurugika kwenye simu, na likifika steshenari safu za mwisho zinakatika. Halafu kuna bando. Naomba utaratibu unaofanya kazi, hata kama ni kuhama Google kabisa.

KalamuNyekundu
Mwalimu, msihame. Mmechanganya kilicho cha wote na kilicho cha mkondo mmoja, na mkihama mtahama na tatizo lenyewe.

Umahiri, shughuli za ujifunzaji, zana, rejea na vigezo vya upimaji ni vya wote wanne. Tarehe, mkondo, waliosajiliwa na waliohudhuria, tafakuri na maoni ni vya mwalimu aliyeingia darasani. Kwa hiyo wekeni andalio mama ambalo nafasi hizo ziko wazi, na kila mwalimu ajaze kwenye nakala yake.

Andalio mama lipewe mwenye faili mmoja. Wengine watatu wapeni ruhusa ya kutoa maoni tu, si ya kuhariri. Anayeona kosa anaandika maoni pembeni, mwenye faili anarekebisha. Kwenye kiungo mnachotuma kundini, futeni neno «edit» na chochote kinachofuata, andikeni «copy». Anayekibonyeza anaulizwa kama anataka nakala, na nakala inaingia kwenye Drive yake. Ikikataa, angalieni mambo mawili: huenda hajaingia kwenye akaunti yake ya Google, au mwenye faili amezuia watazamaji kunakili.

Kiungo kikae kwenye maelezo ya kundi. Kikiachwa kwenye mazungumzo, baada ya wiki moja kimezikwa na salamu za asubuhi.

Yaliyokwisha kufutwa bado yapo. Fungueni faili kwenye kompyuta, nendeni kwenye historia ya matoleo, mchague siku ya kabla ya kufutwa. Msirudishe toleo zima, maana mtapoteza yaliyoongezwa baadaye. Nakilini sehemu iliyopotea tu.

SafuKumi
Kuhusu jedwali. Azimio lina safu nyingi, kwa hiyo ukurasa lazima ulale. Liwekeni A4 ya kulala na ukingo wa sentimita 1.5, herufi ukubwa wa 10. Kwenye simu, washeni mwonekano wa kuchapisha (Print layout) ndani ya programu ya Docs, la sivyo programu inapanga maandishi kufuata upana wa kioo.

Kwa steshenari msipeleke faili la Word. Kompyuta ya pale isipokuwa na aina ya herufi mliyotumia, inaweka nyingine, upana wa maneno unabadilika na jedwali linasukumwa nje ya karatasi. Pelekeni PDF, herufi zinasafiri nazo. Mwambieni mchapaji achague A4, kwa sababu mashine nyingi zimeachwa kwenye karatasi ya Kimarekani, ambayo ni fupi zaidi.

BandoLaWiki
Kinachomaliza bando si andalio, maandishi ni mepesi. Linaisha kwa picha na video zilizobandikwa ndani yake. Picha ya kamera ya simu inaweza kuwa na MB 3 au zaidi, na zikiwa kumi kila mwalimu anazipakua zote. Zipunguzeni kwanza. Vitabu vya kiada msivipakie kabisa: viko Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, andikeni jina la kitabu na ukurasa kwenye rejea. Faili la wiki hii liwekeni lipatikane bila intaneti. Linafunguka na kuhaririwa, kisha linajisawazisha mkipata mtandao.

Kama shule ina kompyuta mpakato na intaneti ni ya shida, Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality inayotumika bila intaneti, inafaa kwa wanafunzi, kwani masomo hupakuliwa mara moja na kuhamishwa kwa flashi. Chagueni mada mnazohitaji tu, maana chaneli (mkusanyiko wa masomo) nzima ya video inaweza kujaza diski. Simu zikishindwa kuifikia Kolibri iliyo kwenye kompyuta hiyo, mara nyingi ni ngome (firewall) ya Windows inayozuia. Lakini kwa azimio lenye majedwali na sahihi ya mwalimu wa taaluma, Google Docs ni bora.

ChakiNaUbao
Nimeelewa, asanteni. Andalio mama likirekebishwa, nakala zetu zitabadilika?

KalamuNyekundu
Hazibadiliki. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa andalio mama uwe na tarehe ya marekebisho, na kila Ijumaa mwenye faili aandike kundini ni somo lipi limebadilika. Jambo jingine: asiwe mwenye faili mwalimu anayesubiri uhamisho. Akifuta faili lake, linakaa kwenye pipa siku 30 kisha linapotea kwenu nyote. Fungueni akaunti ya somo, ina GB 15 za bure, na nywila yake ikae kwa watu wawili, mmoja akiwa mwalimu wa taaluma.