Ajira ya kwanza huduma za dharura: Mbeya mjini, kituo cha barabarani au mgodini Chunya?

TabibuMchanga
Shikamooni wakubwa. Diploma ya utabibu nimemaliza, leseni ninayo, kozi ya huduma za dharura nimepiga. Nina milango mitatu na wiki moja ya kujibu. Kwanza, mkataba wa mwaka mmoja idara ya dharura, hospitali kubwa Mbeya mjini. Pili, kituo cha afya cha misheni kando ya barabara kuu ya TANZAM, kati ya Iringa na Mafinga, kazi ni kutembea na gari la wagonjwa, nyumba bure. Tatu, mgodi wa dhahabu Chunya, mshahara karibu mara mbili ya hizo nyingine. Mama anasema Chunya, maana mdogo wangu anaingia chuo. Mimi moyo uko barabarani.

MamaZamu
Marahaba mwanangu. Nenda mjini. Pale mgonjwa akifika anapangiwa rangi kwa uzito wa hali yake, nyekundu, njano au kijani, na ukikwama kuna daktari wa kumwita. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa peke yangu usiku, akaletwa utingo wa lori anakoroma. Nikadhani kalewa. Kumbe ulimi umeziba njia ya hewa. Aliyenishikia tochi nikivuta taya lake mbele alikuwa mlinzi wa getini. Kijana alipona, ila mimi siku tatu sikupata usingizi.

Dereva_Kitonga
Kamwene. Mama, usimtishe. Barabarani ndiko mikono inakomaa. Lori likiferi breki mlima Kitonga, foleni inafunga pande zote mbili, gari letu halipiti, mnashuka na begi mgongoni mnapanda kwa miguu. Ila mdogo wangu, siku ya usaili omba uoneshwe gari. Fungua mlango wa nyuma mwenyewe. Mtungi wa oksijeni una kitu? Spana ya kuufungulia iko wapi? Kuna mahali nimefanya kazi, spana ilikaa kwa mtunza stoo, na stoo ilifungwa saa kumi jioni. Ajali hazijui saa kumi.
Uliza pia nyuma anapanda nani. Kwingine wanamchomoa nesi wodini, wodi inabaki na mtu mmoja.

Mtu_wa_Chunya
Hela ipo, nisikudanganye. Lakini mgodi wa kampuni ni kitu kimoja, maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, ni kingine. Kwenye kampuni siku nyingi ni malaria, vidole vilivyobanwa na kupima wafanyakazi wapya. Ujuzi unaota kutu. Siku mbaya inatoka huko kwenye maduara, maana watakukimbilia wewe: moshi wa pampu umejaa shimoni, wa kwanza kadondoka, wa pili kashuka kumwokoa, naye kimya. Kazi yako ya kwanza hapo ni kumshika shati wa tatu asishuke, hewa iingizwe kwanza. Baada ya hapo Mbeya ni kama kilometa 70, na njiani ukungu wa msitu wa Kawetere ukishuka huoni boneti. Kabla ya kusaini ulizia NSSF na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

TabibuMchanga
Asanteni. Mama, nikiwa mjini nitapanda gari kweli?

MamaZamu
Mara chache. Rufaa za Nyanda za Juu Kusini zinaingia pale, wewe unapokea. Na hao vijana wa "moyo uko barabarani" wote huwaza ajali tu. Safari zako nyingi kituoni zitakuwa za wajawazito. Siku hizi kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito: wanapiga 115 bure, na gari la wagonjwa likiwa mbali anatumwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Kwa hiyo kabla ya kuota malori, hakikisha unaweza kuzuia damu ya mzazi gizani, gari likiruka kwenye matuta.

Dereva_Kitonga
Hapo mama kasema.

TabibuMchanga
Nimewapigia misheni, nikaomba kuona gari. Wamenikaribisha Jumatano, ila wanasema lipo gereji.

Dereva_Kitonga
Tangu lini?