Mhafidhina asimame wapi: kwa jaji wa Dover au kwa bodi ya shule?

Mtoto wa Machame:
Wakuu, salaam. Niko Pennsylvania mwaka wa 14 sasa. Ni Mlutheri, na kura yangu huenda Republican. Wanaotaka kunitukana kwa hilo wanitukane mapema tuendelee. Juzi kazini kijana mmoja Mmarekani kaniambia mtu wa kura kama yangu hawezi kuwa na habari na sayansi. Nikamuuliza kama anaijua kesi ya Dover. Haijui, wakati Dover iko York County, kwa gari hata redio hujaichoka umefika.

Kwa wasioijua: Oktoba 2004 bodi ya shule za Dover ilipiga kura, 6 kwa 3, wanafunzi wa biolojia wa darasa la tisa wasomewe tangazo kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba kuna maelezo mengine yaitwayo "usanifu wenye akili". Yaani viumbe ni tata mno, lazima yupo aliyevisanifu. Jina la msanifu halitajwi, ila kila mtu pale alilijua. Walimu wa sayansi wakakataa kulisoma. Januari 2005 ikabidi wakubwa wao waingie madarasani kulisoma wenyewe. Wazazi 11 wakaenda mahakamani. Jaji John E. Jones, Republican, aliyeteuliwa na George W. Bush mwaka 2002, akaisikiliza peke yake, na Desemba 20, 2005 akatoa hukumu ya kurasa 139: hii si sayansi, ni uumbaji uliobadilishwa kanzu, na katiba hairuhusu shule ya umma kuufundisha kwenye somo la sayansi.

Mimi nasema mhafidhina kwenye kesi ile alikuwa jaji. Kazi ya mhafidhina ni kulinda vitu vilivyojengwa kwa jasho: katiba, mahakama, silabasi, fedha ya mlipakodi. Bodi ndiyo iliyotaka kubadili maana ya neno sayansi kwa kunyoosha mikono kikaoni. Wilaya ikaishia kulipa gharama za mawakili wa wazazi, zaidi ya dola milioni 1, na huku shule zinaendeshwa kwa kodi ya nyumba zetu. Sasa niambieni, mhafidhina asimame wapi? Ila naomba tusifike kule walikofika walokole wa Nairobi 2006, waliotaka mifupa ya binadamu wa kale iliyopatikana Turkana ifichwe chumba cha nyuma cha makumbusho. Hata ubishi tunauagiza Marekani.

Neema_Tele:
Nimesoma vizuri mpaka "walokole", hapo nikasimama. Kwani Walutheri mlianza lini kuwa na wivu na waliookoka? Hakuna aliyesema mifupa ichomwe. Walisema isipewe nafasi ya mbele, na iwekewe maelezo kwamba hiyo ni nadharia. Kosa liko wapi? Halafu huyo Bush wako mwenyewe, Agosti 2005, kesi ikiwa bado haijaanza kusikilizwa, aliwaambia waandishi wa habari kwamba pande zote mbili zifundishwe. Mhafidhina ni yupi hapo, rais au jaji aliyemteua?

Mtoto wa Machame:
Wivu? Dada, mimi nimebatizwa na kupata kipaimara Machame, babu yangu amebeba mawe ya kujengea kanisa begani kutoka mtoni. Sihitaji mtu wa kongamano la juzi anipime imani.

Neema_Tele:
Nimeuliza Bush. Umenijibu babu.

Fundi Saa:
Mimi swali langu ni moja tu, nimeliuliza miaka yote, wasomi wanalikimbia. Ukiokota saa porini utasema imejitengeneza? Na kama tumetoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo? Darwin mwenyewe alitubu kabla ya kufa, tuliambiwa Sunday school.

Daktari wa Ng'ombe:
Fundi, hiyo ya kutubu ilitolewa na mama mmoja wa kuhubiri 1915, wakati Darwin alikufa 1882. Binti yake Henrietta, aliyekuwepo baba akifa, aliikana. Na tafadhali acheni kusema nyani. Nyani ni yule anayeiba mahindi. Aliye karibu na sisi ni sokwe, na hata huyo hatukutoka kwake. Mtoto wa shangazi yako yupo na wewe upo, wala hukuzaliwa na shangazi. Mna babu mmoja, basi.

Fundi Saa:
Shangazi yangu usimwingize.

Jirani wa Rongai:
Na sisi Kenya mmetuingiza kwa hii story aje? Makumbusho ilifunguliwa tena 2008 na Turkana Boy, ile mifupa ya kijana wa kale, yuko hapo, watoto wa shule wanaenda kumwona kila wiki. Maaskofu walipiga kelele, serikali ikasikiza, maisha yakaendelea. Hakuna mtu alipelekwa kortini. Tena mkumbuke hakuna nchi imeonyesha dunia asili ya binadamu kama Kenya: Turkana, Olorgesailie, Olduvai, zote. Mmarekani anakuja kusoma kwetu, sio sisi kusoma kwake.

Mwana wa Karatu:
Simama hapo hapo. Rudia hiyo ya tatu.

Jirani wa Rongai:
Olduvai? Ni hapo tu mpakani. Familia ya Leakey, wale waliochimba mifupa hapo, ilikuwa ya Kenya, Louis alizaliwa Kabete.

Mwana wa Karatu:
Hapo tu mpakani! Bonde liko Ngorongoro, Arusha, TANZANIA. Jina lenyewe ni la Kimaasai, oldupai, ule mkonge pori ulioota pale, wazungu wakalisikia vibaya. Mtu akizaliwa Kabete akaja kulima shamba langu, shamba linahamia Kabete? Na kama unataka kusifu familia sifu sawasawa: Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai, aliokotwa na Mary, mke wa Louis, Julai 17, 1959. Louis alikuwa kambini analala na homa.

Jirani wa Rongai:
Sawa bonde ni lenu. Lakini fuvu lilikuwa Nairobi.

Mwana wa Karatu:
Lilikuwa. Likarudi Dar mwaka 1965, liko Makumbusho ya Taifa. Mgeni akikaa sana haandikishwi urithi.

Ami wa Mkunazini:
Mimi nipo Maskati nakunywa kahawa nacheka peke yangu. Nyie watu wa bara mnamgombania nani? Zinj ni jina la pwani yetu, Waarabu wa kale walivyoita nchi ya watu weusi upande huu. Maana ya Zinjanthropus ni mtu wa Zinj. Kwa hiyo huyo ni wetu, mlikuwa mmetutunzia.

Mwana wa Karatu:
Ami, shikamoo, ila na wewe kaa foleni.

Jirani wa Rongai:
Haya, Leakey muwachukue. Lakini Turkana Boy hakupatikana na Leakey yeyote. Alipatikana na Kamoya Kimeu, Mkamba, 1984, Nariokotome, kakipande ka mfupa kakiwa kwa kokoto rangi ni ile ile ya kokoto. Miaka milioni moja na nusu hapo chini. Ameaga 2022, na wengi wenu mnajua jina la mwenye gari tu, hamjui la mwenye macho.

Daktari wa Ng'ombe:
Hilo nakupa mkono, jirani. Na ndiyo maana ile ya kuficha mifupa iliniuma. Watu wanasema ni mambo ya wazungu, kumbe aliyeinama juani akaiona ni Mkamba.

Mwalimu wa Zamu:
Naomba nirudishe mada kabla Zinj hajapewa pasipoti. Nimefundisha Historia kidato cha kwanza miaka 19. Vitabu vingi nilivyofundishia vinaanza na maelezo ya dini, kwamba Mungu aliumba, halafu ukurasa unaofuata Darwin, halafu zama za mawe. Mtoto anasoma vyote na hakuna jaji aliyehitajika. Shida huanza kwenye mtihani. Kuna mwaka niliuliza hatua za mabadiliko ya binadamu kwa mujibu wa Darwin. Binti mmoja, mzuri sana darasani, akaandika Mwanzo 1:27 kwa mwandiko mzuri, na mstari ameupigia rula. Nikampa sifuri. Baba yake akaja na Biblia na mwenyekiti wa kamati ya shule. Nikamwambia mzee, swali limesema kwa mujibu wa Darwin. Angeulizwa kwa mujibu wa mganga wa kienyeji angejibu ya mganga, wala asingekuwa ameenda kwa mganga. Mzee akanyamaza muda, akasema, "Basi mpe hata moja, ya mwandiko."

Neema_Tele:
Ulimpa?

Mwalimu wa Zamu:
Sikumpa. Mpaka leo sijui kama nilikuwa mkali au nilikuwa sawa.

Neema_Tele:
Ulikuwa mkali. Mtoto kasimama na imani yake mbele ya mtihani, unampiga sifuri. Ndiyo maana wazazi wa Dover... eh, si wazazi, ile bodi, ndiyo maana walichukua hatua.

Mtoto wa Machame:
Dada, bodi ile haikusimama na imani yake, hapo ndipo naumia. Walisimama mahakamani wakaificha. Walipoulizwa fedha za kununulia nakala za kitabu cha usanifu walichokileta shuleni zilitoka wapi, mmoja hajui, mwingine hakumbuki, kumbe zilichangishwa kanisani kwa mmoja wao. Jaji akaandika kwamba ni kinaya kweli: watu waliojivunia dini yao hadharani ndio hao hao waliodanganya mara kwa mara kufuta nyayo zao. Sasa huyo binti wa mwalimu aliandika Mwanzo 1:27 waziwazi akala sifuri yake. Namheshimu yeye kuliko bodi nzima.

Na hicho kitabu chenyewe: rasimu za zamani zilisema uumbaji. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza shule za Louisiana kuufundisha kama sayansi, waandishi wakapita wakifuta neno "wanauumbaji" na kubandika "watetezi wa usanifu". Sehemu moja mkono uliteleza, pakabaki neno moja lenye kichwa cha hili na mkia wa lile. Mawakili wakalileta mbele ya jaji. Kama mtu kafuta namba ya gari la wizi akasahau chesisi.

Msomaji wa Sheria:
Mkuu, unapamba. Kwa wahafidhina wengi Jones ni msaliti. Phyllis Schlafly, mama mkubwa wa harakati zao, alimwandika kwamba amewachoma kisu waliomsaidia kufika pale. Jaji asiyechaguliwa na mtu anaipindua bodi iliyochaguliwa na wananchi, huo ndio uhafidhina?

Mtoto wa Machame:
Wananchi wenyewe waliipindua kwanza. Novemba 8, 2005, hukumu haijatoka, wajumbe 8 walikuwa wanatetea viti, wote 8 wakaanguka. Na Dover si mji wa wakomunisti. Mhubiri Pat Robertson akawaambia kwenye televisheni wakipata maafa wasimwite Mungu, wamemkataa kwenye sanduku la kura. Jaji naye alijua ataitwa mwanaharakati, akaliandika humo humo kwenye hukumu. Baadaye akatishiwa maisha, ikabidi alindwe na walinzi wa serikali kuu.

Msomaji wa Sheria:
Hukujibu la Schlafly.

Ami wa Mkunazini:
Hata la Bush hakujibu. Bwana huyu ana kipaji.

Daktari wa Ng'ombe:
Tena hili jambo halikuwa la Republican tangu mwanzo. Kesi ya mwalimu Scopes, aliyeshtakiwa kwa kufundisha ya Darwin, Tennessee, 1925, faini dola 100: aliyesimama na Biblia alikuwa William Jennings Bryan, aliyegombea urais mara tatu kwa tiketi ya Democratic. Mtu wa wakulima, adui wa mabenki. Hofu yake mojawapo ni kwamba Darwin atatumiwa kuhalalisha wenye nguvu kuwala wanyonge. Vyama vinabadilishana nguo, ninyi mnaapa kwa nguo.

Fundi Saa:
Bado saa.

Daktari wa Ng'ombe:
Fundi, saa hazizaani. Siku utakayokuta saa ya ukutani ina mimba ya saa ya mkononi nipigie, nitakuja usiku huo huo.

Fundi Saa:
Kejeli si hoja. Na jicho je?

Mwalimu wa Zamu:
Mtoto wa Machame, mimi nina swali la kweli, si la kukuchoma. Unasema mhafidhina analinda silabasi. Silabasi yetu ina Mungu ukurasa wa kwanza na Darwin ukurasa wa pili. Nikiilinda kama ilivyo, huko kwenu jaji wako angenifunga?

Mtoto wa Machame:
Mwalimu, shikamoo. Kwenye Historia nadhani ungepona, unaeleza watu wanaamini nini. Kwenye Biolojia, hapana. Lakini katiba ni ya kwao, kwetu sijui ningesemaje. Nikiwa mkweli, niliipenda hiyo hukumu kwa sababu ni ya Mrepublican, ikanipa cha kumjibu yule kijana kazini.

Neema_Tele:
Hatimaye! Sasa Bush.

Mtoto wa Machame:
Bush alikosea. Haya, nimesema. Huku ni usiku, kesho naingia zamu alfajiri.

Jirani wa Rongai:
Lala salama buda. Hiyo Machame si ni ile iko chini ya Kilimanjaro, ule mlima wetu?

Mwana wa Karatu:
WE!