Yule muuza laptopu wa Kariakoo leo kavuka mpaka

Wakuu, salamu baadaye, leo sina adabu.

Mnamjua. Sitamtaja, mnamjua. Duka lenye taa za buluu, kiti kimoja cha wateja kumi, na bango kubwa "HATUDANGANYI". Nusu ya mnaosoma hapa mmeshapigwa pale, nusu iliyobaki mko njiani.

Naandika nikiwa ndani ya mwendokasi, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, na huu wenye simu unatetemeka. Nimemrudishia laptopu aliyoniuzia, kioo cheusi, jamaa KANICHEKA. Na si kile kicheko cha chinichini cha mtu mwenye haya. Kacheka mpaka kakohoa, halafu akamwita yule kijana anayeuza chaja pale mlangoni aje acheke naye. Kijana wa chaja! Hajui hata nalalamikia nini. Kaja, kaangalia kioo cheusi, kacheka.

Siku ya kununua nilimwambia kwa Kiswahili chepesi: bosi, mimi naweka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), nachora ramani kwa QGIS, nataka mashine yenye grafiki, ile chipu ya kuchora picha kwenye kioo, ya Intel tupu. Sikuwa naringa. Draiva ya Intel, programu ya kuiendesha hiyo chipu, imo ndani ya kerneli yenyewe, moyo wa Linux, unachomeka flashi, unawasha, picha hiyo. Hata AMD ningechukua, mambo ni hayo hayo. Jamaa akapiga kifua: "Intel tupu kiongozi, si stika hiyo unaiona?" Stika kweli ipo. Ya prosesa! Ndani kumbe kuna kadi ya pili ya grafiki, ya Nvidia, wale mabwana wa kijani mnaowajua, imejikalia kimya kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Naweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nawasha: giza. Feni inazunguka, taa ya chaji inawaka, kioo cheusi tii. Nikaingia GRUB, ile menyu ya kuwashia, nikaongeza `nomodeset`, ikawaka. Sasa wenye kuishi na nomodeset mnajua ni maisha gani. Umeiambia kerneli isiguse draiva ya grafiki, kwa hiyo kila mstari kwenye kioo anauchora prosesa kwa jasho lake. Mwanga haupungui wala hauongezeki. Ukifungua ramani ya kata moja tu, feni inataka kupaa kwenda Zanzibar.

HDMI, lile tundu la projekta, ndiyo kabisa. Mashine nyingi za kadi mbili, tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja kwenye ile kadi ya pili. Kadi haina draiva, basi projekta nayo haina habari. Leo asubuhi nimesimama mbele ya wazee wa mtaa kuwaonyesha ramani ya mitaro ya mafuriko, ukuta mweupe pee. Mitaro nimeielezea kwa mikono. Mzee mmoja akauliza, "Mto wenyewe uko wapi, mwanangu?" nikamwonyesha kwa kidole cha shahada, hewani.

Ndipo nikaibeba kuirudisha. Jamaa hakubisha. Angebisha ningemheshimu. Kacheka! "Linux? Ile ya mahaka? Kaka, umeweka cha bure, umeona cha bure." Halafu ndiyo akamwita wa chaja. Na wa chaja, baada ya kumaliza kucheka, kaniuliza mbele za watu kama nimejaribu kubadilisha chaja.

KUBADILISHA CHAJA.

Laki nane yangu naitaka. Ila kabla ya laki nane, wa chaja aniombe radhi.

Mla_Korosho: Uzi bila picha ni chai.

Mwenye uzi: Picha ya nini, ya kioo cheusi? Haya shika: ⬛

Mla_Korosho: Sasa nimeamini. Endelea.

Mzee_wa_Terminali: Pole mkuu. Ila dukani hukupiga `lspci`, ile amri ya kuorodhesha vifaa vilivyomo ndani? Mimi nachomeka flashi pale pale mezani kwake, natazama kilichomo, ndipo mkono uende mfukoni. Na usitafute neno VGA peke yake, kadi ya pili nyakati nyingine inajiandikisha kama "3D controller". Wengi wanapigwa hapo.

Mwenye uzi: Flashi nilikuwa nayo mkuu. Kakataa. Eti "usiniletee virusi kwenye mashine yangu." Mtu ambaye Windows zote za dukani kwake ni za kuchakachua ananiambia mimi habari za virusi! Nimeshamwambia wa chaja acheke na hilo.

KichwaNgumu: Povu lote hili na dawa ni mstari mmoja. Weka draiva ya kampuni. `sudo ubuntu-drivers install`, washa upya, kanywe chai.

Mwenye uzi: Nimeweka. Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, ikaikataa moduli ya hiyo draiva kwa kuwa haina saini inayoitambua. Ule ukurasa wa kusajili ufunguo wa saini (MOK) unakupa sekunde kumi ubonyeze, ukikohoa umepita. Na mimi siku hizi nakohoa kwa hasira.

KichwaNgumu: Si uzime Secure Boot?

Mwenye uzi: BIOS, ile mipangilio ya chini inakozimiwa, ina nenosiri. La nani? La kampuni ya Ulaya iliyoitupa hiyo mashine. Nikamuuliza jamaa. Mnajua alichofanya? ALICHEKA.

Binti_Sayari: 😂😂 Kaka, ulitegemea heshima gani kwa hao wa kijani? Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, mwaka 2012 pale Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, aliwaonyesha kidole cha kati mbele ya kamera. Wewe umeonyesha cha shahada, bado una nidhamu.

KichwaNgumu: Dada, hiyo ni historia. Mei 2022 wameweka wazi msimbo wa moduli zao za kerneli, yaani sehemu ya draiva. Acheni kuishi 2012.

Mzee_wa_Terminali: Wamefungua kwa kadi za kizazi cha Turing kuja huku. Mtumba unaoshushwa Kariakoo umejaa vizazi vya zamani, Maxwell na Pascal, hizo hazimo, na tawi la 580 la draiva ya kampuni ndilo la mwisho kuzihudumia. Ukikimbilia nouveau, draiva ya bure ya watu wa Linux, kadi kama ya Pascal inabaki kwenye kasi ya kuwashia tu, kwa sababu ili kuipandisha inahitajika programu ya ndani yenye saini ya kampuni, na hiyo hawakuitoa. Kwa hiyo mwenye uzi, mimi ningeikausha kabisa hiyo kadi nitumie Intel.

Mwenye uzi: Na HDMI?

Mzee_wa_Terminali: HDMI ndiyo itakuwa imekufa, ndiyo.

Mwenye uzi: Asante mkuu kwa faraja.

Duka_Langu: Mimi nauza laptopu, si huyo mnayemsema. Niwaambie ukweli? Mteja wa Linux ni msumbufu. Anakaa saa nzima, anataka kujua chipu ya Wi-Fi, anapiga picha mgongo wa mashine, anageuza, ananusa, halafu anakwenda kununua kwa jirani. Bora mwanafunzi wa chuo, anauliza tu kama inacheza gemu.

Binti_Sayari: Wewe ndiye wa taa za buluu.

Duka_Langu: Taa zangu ni nyeupe.

Binti_Sayari: Tangu lini?

Pwani_Tu: Wa chaja ni mdogo wangu. Mwacheni. Kacheka kwa sababu kaambiwa acheke.

Mwenye uzi: Mwambie nimemwona. Mwambie naijua na sehemu anayonunua chipsi.

Wa_Luthuli: Huku Nairobi hatuna hayo maneno, mtu anachukua laptopu ya ThinkPad T480 anaishi raha mustarehe.

Mzee_wa_Terminali: T480 nazo zipo zenye MX150, kadi ya Nvidia, ndani. Kabla hujaishi raha, piga `lspci`.

Wa_Luthuli: Ngoja.

Wa_Luthuli: Aisee.

Bwana_Flashi: Nyie angalau mnalilia picha. Mimi Wi-Fi yangu ni ya kampuni nyingine kabisa, hadi iwake inataka draiva, na draiva inataka intaneti. Nimeishia kuchomeka simu kwa waya, laptopu ikaona bando langu, ikaamua kusasisha mfumo mzima. GB zote za wiki zimekwisha kabla draiva yenyewe haijafika.

Mla_Korosho: Hii ndiyo mada sasa. Bando ndilo tatizo la nchi hii.

KichwaNgumu: Bando lako, uzembe wako. Masasisho si unaweza kuyazuia?

Bwana_Flashi: Nayazuia vipi na kioo kimejaa mistari inayokimbia?

Mama_Ubungo: Jamani mimi printa. Kwenye Windows inataka wino wa kampuni, kwenye Linux inachapa bila shida ila inachapa ukurasa wa mwisho kwanza. Barua za wazazi wote wa darasa la nne nimezipanga upya kwa mkono.

Pwani_Tu: Hiyo ni mipangilio tu mama, kuna sehemu ya kugeuza mpangilio wa kurasa.

Mama_Ubungo: Iko wapi?

Pwani_Tu: Sikumbuki, ila ipo.

Mwenye uzi: Wakuu, samahani, na yule wa chaja?

Wa_Luthuli: Kwani hii T480 yenye kadi mbili, chaji inaisha haraka kwa sababu ya hiyo kadi au betri yangu imechoka?

Mzee_wa_Terminali: Vyote viwili vinawezekana. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje. Anza na ya nje.

Duka_Langu: Ya nje ninayo, ile nene ya 72Wh. Naituma hadi Nairobi kwa basi.

Wa_Luthuli: Bei?

Duka_Langu: Nitafute pembeni.

Binti_Sayari: Bei iandike hapa hapa.